Makuhani Walipimiwa Fedha

Kando ya mto Ahava, kabla msafara wa Wayahudi haujaondoka Babeli kurudi Yerusalemu, Ezra aliwatenga wakuu 12 wa makuhani akawapimia fedha na dhahabu mikononi mwao. Sura ya 8 ya kitabu chake inataja hata uzani: fedha talanta 650, vyombo vya fedha talanta 100, dhahabu talanta 100. Talanta moja ilikuwa kilo 30 na ushee, kwa hiyo ile fedha peke yake ilikaribia tani 20. Kisha akawaambia kwamba wao ni watakatifu kwa Bwana, na vyombo vile ni vitakatifu, wavilinde mpaka watakapovipima tena huko waendako. Walifika salama. Siku ya nne mzigo wote ukapimwa upya katika nyumba ya Mungu, mbele ya makuhani wawili na Walawi wawili waliotajwa kwa majina, na uzani wote ukaandikwa.

Mtu huyu huyu, mistari michache nyuma, alikuwa ameona haya kumwomba mfalme askari wa kumlinda njiani, kwa kuwa alikwisha kumwambia kwamba mkono wa Mungu uko juu ya wote wamtafutao. Alifunga, akaomba, akaondoka bila mlinzi. Imani ya kiasi hicho haikumzuia kutoa mizani. Nalianza na hili kwa makusudi, maana katika jumuiya nyingi za Kikristo leo mshirika akiuliza fedha za ujenzi zimefikia wapi huambiwa imani yake ni haba, na akiuliza mara ya pili huambiwa ana roho ya uasi. Ezra aliwaita watu watakatifu na kuwapimia mzigo katika kikao kimoja, na hakuna kuhani aliyesusa.

Kiswahili kimetupa neno moja linalobeba yote mawili, fedha na roho: hesabu. Mtunza hazina anapomaliza kuhesabu sadaka, anatoa hesabu. Yule wakili katika mfano wa Luka 16 anaambiwa na bwana wake, "toa hesabu ya uwakili wako." Na Waebrania 13:17, mstari ambao nimeusikia ukisomwa mara nyingi sana kuwataka waumini wawatii viongozi, unasema wanaotuongoza wanakesha kwa ajili ya roho zetu "kama watu watakaotoa hesabu." Mara nyingi msomaji huishia kwenye kutii na kunyenyekea. Lakini sentensi ni moja. Anayeishika sehemu ya kwanza ili adai utii ameikubali na ya pili, hata kama hakuisoma kwa sauti.

Najua jibu linalotolewa hapa: hesabu hiyo kiongozi atampa Mungu, hawapi wanadamu. Jibu hilo lina uzito wa kiroho, na lingetosha kama Paulo asingelikataa. Alipokuwa akikusanya mchango wa makanisa kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, hakuubeba peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine wawili, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa yenyewe, na akaeleza sababu waziwazi: asije mtu akawalaumu kwa habari ya karama ile. Anaongeza katika 2 Wakorintho 8:21 kwamba wanatangulia kufikiri yaliyo mema, "si mbele za Bwana tu, ila na mbele ya wanadamu." Mtume aliyeona maono, aliyepigwa mawe kwa ajili ya Injili, aliona haja ya macho mengine juu ya mfuko wa sadaka. Mchungaji wa leo anayesema dhamiri yake inatosha anadai heshima ambayo Paulo hakujidaia.

Zipo ngao ambazo kila anayeuliza hukutana nazo, nazo zinatoka ndani ya Biblia, ndiyo maana zinaumiza. Ya kwanza ni Zaburi 105:15: "Msiwaguse masihi wangu, wala msiwadhuru nabii zangu." Masihi hapa ni wapakwa mafuta. Watu wameutumia mstari huu kuwanyamazisha wazee wa kanisa, wahasibu, hata wasichana waliodhulumiwa. Someni zaburi yenyewe kuanzia mstari wa 8. Inamsimulia Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wageni wachache, wakitangatanga taifa hadi taifa, na Mungu akiwakemea wafalme kwa ajili yao. Wanaoonywa ni wenye nguvu. Wanaolindwa ni wasio na nchi wala jeshi. Kuugeuza mstari huo kuwa ukuta wa kumzunguka mtu mwenye mimbari, akaunti na walinzi, dhidi ya mjane anayeuliza zaka yake imetumikaje, ni kuisoma zaburi kichwa chini miguu juu.

Wengine huongeza habari ya Daudi pangoni En-gedi, aliyekataa kumnyoshea Sauli mkono kwa kuwa ni masihi wa Bwana. Ni kweli alikataa kumuua. Lakini sura hiyo hiyo ya 24 ya 1 Samweli inaeleza kwamba alitoka pangoni, akamwita mfalme mbele ya watu wake, akamwonyesha upindo wa vazi aliokuwa ameukata, akamweleza dhuluma yake bila kumung'unya maneno na kumwomba Bwana aamue kati yao. Heshima kwa mpakwa mafuta haikumfunga Daudi mdomo. Na siku Daudi mwenyewe alipokuwa mpakwa mafuta kwenye kiti cha enzi, Nathani aliingia akamwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo." Hatusomi popote kwamba Nathani alikosea.

Ngao ya pili inashawishi zaidi, nami nimewahi kuiamini. Ni hadithi ya Shemu na Yafethi, waliotembea kinyumenyume wakamfunika baba yao Nuhu ili wasiuone uchi wake. Kwa hiyo, tunaambiwa, mtoto mwema hufunika aibu ya baba yake wa kiroho, na anayeisema ni Hamu, na laana itamfuata. Ilinichukua miaka kuona kinachokosekana katika ulinganisho huo. Nuhu alikuwa amelewa, amelala, hemani mwake. Aliyejiaibisha ni yeye mwenyewe. Hapakuwa na mtu mwingine chini ya lile vazi. Kiongozi anapokuwa amemwingilia binti aliyekuja kwa ushauri, au amechukua fedha za yatima, vazi likitandazwa linamfunika na aliyeumizwa pia, na huyo ndiye anayekosa hewa.

Nilisema nimewahi kuiamini. Nilikuwa kijana katika kamati ya jumuiya moja, na mama mmoja mtu mzima alitujia na malalamiko juu ya mtumishi tuliyempenda. Tulimsikiliza kwa adabu, tukaomba pamoja naye, tukamshauri asiliseme jambo hilo nje "ili jina la Bwana lisitukanwe." Sikumuuliza hata swali moja la kufuatilia. Aliacha kuja ibadani baada ya miezi michache, na sisi tulipoona kiti chake kitupu tulisema amepoa kiroho. Sijawahi kupata nafasi ya kumwomba msamaha.

Hapo ndipo nidhamu ya kanisa ilipopinda, kwa maoni yangu: inashuka, haipandi. Binti akipata mimba kabla ya ndoa anasimamishwa mbele ya kusanyiko, anatengwa kushiriki meza ya Bwana, jina lake linasomwa. Aliyempa mimba, akiwa na cheo, anahamishwa kituo au anapewa likizo ya masomo. Paulo alimwagiza Timotheo kinyume kabisa. Katika 1 Timotheo 5:19 anamlinda mzee wa kanisa dhidi ya uzushi: shitaka lisipokelewe bila mashahidi wawili au watatu. Ulinzi huo ni wa haki, na nimeona watumishi wema wakichafuliwa kwa umbea ambao kanuni hiyo ingeuzuia. Lakini mstari unaofuata mara moja unasema wale wanaodumu kutenda dhambi wakemewe mbele ya wote, ili na wengine waogope. Na Paulo mwenyewe alilitenda hilo Antiokia, alipompinga Kefa, yaani Petro, ana kwa ana, mbele ya wote, kwa kuwa alikuwa amejitenga na meza ya watu wa Mataifa kwa kuogopa waliotoka kwa Yakobo. Kosa lilifanyika hadharani na kumvuta hata Barnaba, na karipio likawa hadharani.

Kuna mtu mwingine wa kutazamwa katika jambo hili, naye ni Eli. Wanawe Hofni na Finehasi walikuwa wakitwaa nyama ya sadaka kwa nguvu na kulala na wanawake waliotumika mlangoni pa hema ya kukutania. Eli alijua. Aliwakanya hata kwa maneno mazuri. Hukumu iliyomshukia haikusema alinyamaza, ilisema hakuwazuia. Tofauti hiyo ni kubwa. Baraza linaloweza kumwita kiongozi, kumsomea maandiko, kulia naye na kumrudisha madhabahuni Jumapili inayofuata limefanya alichofanya Eli.

Matukio ya miaka ya karibuni yanaonyesha jambo ambalo wengi hatupendi kulisikia. Mwaka 2002 gazeti la Boston Globe lilifichua jinsi jimbo kuu la Kikatoliki la Boston lilivyokuwa likiwahamisha kutoka parokia moja hadi nyingine mapadri waliodhulumu watoto, na Desemba mwaka huo Kardinali Bernard Law alijiuzulu uaskofu mkuu. Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, alitangaza kujiuzulu baada ya ripoti huru kuhusu John Smyth, mwanasheria aliyehusika na kambi za vijana wa Kikristo na kudhulumu wavulana na vijana zaidi ya 100 katika Uingereza na Afrika. Smyth alifariki mwaka 2018 bila kutiwa hatiani. Ravi Zacharias, mtetezi wa imani aliyesikilizwa duniani kote, alifariki Mei 2020 akiwa ameombolezwa kama shujaa, na Februari 2021 uchunguzi ulioagizwa na shirika lake mwenyewe ukathibitisha kwamba kwa miaka mingi alikuwa akiwadhulumu wanawake kingono. Mwanamke mmoja alikuwa amesema tangu 2017. Bodi ilimwamini Zacharias alipokana, kisha ikaja kukiri hadharani kwamba ilikosea.

Hakuna hata moja kati ya taasisi hizo iliyokosa muundo. Palikuwa na bodi, maaskofu, wanasheria, kanuni. Ndiyo maana simuungi mkono anayesema tatizo letu litakwisha tukiandika katiba nzuri za makanisa. Katiba inasaidia, ila swali gumu ni hili: nani anamteua anayepaswa kuuliza? Pale mchungaji anapowachagua wajumbe wa bodi, mkewe akawa mtunza hazina, shemeji akawa katibu, na mkaguzi wa hesabu akawa mtu anayelipwa mshahara na ofisi hiyo hiyo, anayeulizwa ndiye anayeshika riziki ya waulizaji. Wajumbe hao wanaweza kuwa wacha Mungu kabisa. Lakini kila mmoja wao anajua kwamba swali moja linaweza kumgharimu nafasi, nyumba ya kanisa, ada ya mtoto. Wanapokaa kimya, wengi wao hawajisikii waoga, wanajisikia watii.

Hata hivyo nisingependa waumini wajione wametoka salama. Mshirika wa kawaida ana sehemu yake katika haya, na mara nyingi ni kubwa. Wakorintho ndio waliosema "mimi ni wa Paulo, mimi ni wa Apolo". Mitume hao hawakuomba mashabiki. Tunapomfanya mhubiri awe sababu ya sisi kuwa Wakristo, tunajiwekea maslahi katika kutokujua habari zake. Mkutano mkuu wa mwaka ukiitwa, ukumbi unajaa wakati wa maombi na kubaki viti vitupu taarifa ya fedha inaposomwa. Halafu maswali ambayo hayakuulizwa mkutanoni yanaulizwa kwenye simu, usiku, kwa watu wasioweza kuyajibu. Yesu aliweka utaratibu katika Mathayo 18: nenda kwake, wewe na yeye peke yenu, asiposikia, chukua mmoja au wawili, akikataa, liambie kanisa. Sisi tumeugeuza utaratibu huo. Tunaanza na kanisa zima kwa minong'ono, na mhusika anakuwa wa mwisho kusikia.

Na yupo mshirika anayekwepa hesabu yake mwenyewe. Wazee wakimfuata kwa sababu anampiga mkewe au amewadhulumu wafanyakazi wake, anahamia kanisa la mtaa wa pili, anapokelewa kwa makofi, na kama ana fedha anapewa kiti cha mbele kabla mwezi haujaisha. Kanisa linalompokea halipigi hata simu moja kule alikotoka. Mtoaji mkubwa vilevile anaweza kuwa kiongozi asiye na cheo: sadaka yake inanunua ukimya wa mimbari juu ya biashara yake. Anania na Safira walikuwa washirika, na swali alilowauliza Petro lilihusu ukweli wa walichotangaza. Shamba lilikuwa lao, na hata thamani yake ilikuwa mikononi mwao.

Historia ina mifano ya watu waliojaribu kuishi wakiulizana. Wamethodisti wa John Wesley walianza vikundi vyao vidogo mjini Bristol mwaka 1742 kwa sababu isiyo ya kiroho hata kidogo: jengo lilikuwa na deni. Ilipendekezwa kila mmoja atoe peni moja kwa wiki, na kila kiongozi akusanye kutoka kwa watu wapatao 12. Walipokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuchukua ile peni, waligundua nani anaishi vibaya, nani anaumwa, nani ameanza kunywa. Deni likazaa uangalizi wa roho. Napenda kwamba ilianzia kwenye fedha, maana wengi hutaka kutenga mambo hayo mawili. Na Uamsho wa Afrika Mashariki uliowaka kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 uliwafundisha watu "kutembea nuruni": mmisionari na mwashi walikiri makosa yao katika duara moja, na huyo mmisionari alitakiwa kuomba radhi kwa kiburi chake.

Duara lile ndilo siri, na likivunjika kitu kizuri kinageuka hatari. Katika miaka ya 1970 huko Marekani liliibuka vuguvugu la uchungaji ambapo kila muumini aliwekwa chini ya mchungaji wake binafsi, aliyepaswa kushauriwa hata kuhusu kazi na ndoa. Liliitwa uwajibikaji. Matokeo yake watu wazima walipoteza uhuru wa dhamiri, na mmoja wa viongozi wake wakuu, Bob Mumford, baadaye aliomba radhi hadharani. Mahali popote ambapo wadogo wanaungama kwa wakubwa, na wakubwa hawaungami kwa mtu, siri za wadogo zinakuwa kamba mikononi mwa wakubwa. Mtu akikualika kwenye kikundi cha kuwajibishana, muulize yeye anawajibika kwa nani, na kama huyo mtu anaweza kumwambia hapana.

Yupo msomaji makini wa Biblia ambaye atanikumbusha 2 Wafalme 12:15, kwamba wakati wa Mfalme Yoashi waliosimamia ukarabati wa hekalu hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Ni pingamizi zuri. Rudini nyuma katika sura hiyo. Makuhani walikuwa wamekabidhiwa fedha za ukarabati, wakaaminiwa, na mpaka mwaka wa 23 wa utawala wa Yoashi mabomoko yalikuwa vilevile. Ndipo kuhani Yehoyada alipotwaa sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko chake, akaliweka karibu na madhabahu. Likijaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikuja pamoja, wakazihesabu na kuzifunga mifukoni. Watu wawili kutoka ofisi mbili tofauti. Wale mafundi waaminifu walipokea fedha zilizokwisha kuhesabiwa, na kazi yao ilionekana kwa macho ya kila aingiaye: mbao, mawe ya kuchonga, nyufa zilizozibwa. Kuaminiwa kwao kulikuja baada ya lile sanduku, na kulisimama juu ya ukuta ambao kila mtu angeweza kuugusa.

Sijasahau toba. Mtu aliyetengwa Korintho katika waraka wa kwanza ana jirani yake katika waraka wa pili, mwenye huzuni nyingi, ambaye Paulo anawasihi wamsamehe na kumfariji asije akamezwa. Nidhamu isiyo na mlango wa kurudia ni kisasi tu. Ila kusamehewa dhambi na kurudishiwa ofisi ni mambo mawili, na tunayachanganya kwa haraka mno mkosaji akiwa na kipawa. Mtunza hazina aliyeiba anaweza kusamehewa leo, akaketi nasi mezani leo hii, na asiguse tena kikapu cha sadaka maisha yake yote. Na pale penye jinai, kama mtoto aliyeguswa, hakuna kikao cha wazee kinachochukua nafasi ya polisi. Warumi 13 inasema mtawala hauchukui upanga bure. Kumficha mhalifu asimfikie mtawala kwa jina la rehema ni kuwanyima watoto wengine rehema hiyo.

Huwa narudi kwa Samweli uzeeni. Mwaka 1948 huko Modesto, California, mhubiri Billy Graham na wenzake walikaa wakajiuliza ni nini kinachowaangusha wahubiri, wakakubaliana mapema juu ya fedha, wanawake, kutia chumvi idadi ya watu mikutanoni na kuwadharau wachungaji wa makanisa. Walikuwa vijana, na huduma yao kubwa ilikuwa bado mbele. Samweli alifanya hivyo kazi ikiwa imekwisha, na ni vigumu zaidi. Alisimama mbele ya Israeli wote akauliza ametwaa ng'ombe wa nani, punda wa nani, amemdhulumu nani, amepokea rushwa mkononi mwa nani akajipofusha macho. Na kama kipo, atakirudisha. Wakajibu hajatwaa kitu. Tusisahau watu hao walikuwa akina nani. Sura nne nyuma, wazee wao walikuwa wamemwendea Rama wakamwambia usoni kwamba yeye ni mzee na wanawe hawaendi katika njia zake, wakati ambapo wanawe hao walikuwa wakila rushwa huko Beer-sheba. Walikuwa wameweza kumwambia hilo, na siku ile waliposema mikono yake ni safi, alimwita Bwana awe shahidi wa neno lao.